Jezi zinatoka, fedha haziingii: tufanyeje na klabu yetu ya baiskeli?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Lushoto. Mimi ni mweka hazina wa klabu ndogo ya waendesha baiskeli za milimani hapa Usambara Magharibi. Nakuandikia kwa sababu mradi tuliouanzisha kwa nia njema, wa kuuza jezi na fulana zenye nembo yetu, umeanza kututia katika madeni na, ninachokihofia zaidi, katika manung'uniko baina ya watu waliozoea kupanda na kushuka milima hii pamoja.

Nieleze kwanza fedha zenyewe tunazitakia nini. Asiyeyajua mazingira yetu anaweza kudhani kwamba baiskeli ikishanunuliwa gharama zimekwisha, lakini huku kila njia ni mteremko au mpando, na wakati wa masika udongo mwekundu wa barabara zinazouzunguka msitu wa Magamba huingia kwenye breki na kuzila pedi kama msasa. Minyororo hukatika, tyubu hupasuka, na spea za baiskeli za gia hazipatikani madukani hapa mjini, hivyo hatuna budi kuziagiza Arusha au Dar es Salaam. Zaidi ya hayo wako vijana wanaojiunga nasi na baiskeli nzito za chuma, zile za kubebea majani ya ng'ombe na magunia ya kabichi, wakateremka nazo kutoka upande wa Irente bila kofia ngumu kichwani. Mimi binafsi siwezi kulitazama hilo nikatulia. Tuliazimia, kabla ya kitu kingine chochote, tununue kofia za vijana hao na sanduku la spea za pamoja, na kwa kuwa ada za wanachama hazitoshi, tukakubaliana kuuza nguo.

Tulianza na fulana za pamba. Fundi aliyetuchapia alitueleza kwamba katika uchapaji wa fremu kila rangi hudai fremu yake, na gharama ya kuiandaa ni ile ile, uchape fulana kumi au mia moja. Kwa hiyo tulipunguza nembo ikawa ya rangi mbili tu: mstari wa kijani wa vilima na gurudumu la rangi ya udongo chini yake. Zilipendeza, na bei yake ya shilingi 20,000 haikuwa na mgogoro mkubwa.

Mgogoro ulikuja na jezi. Jezi ya baiskeli ni ya poliesta, haishiki jasho, nyuma kiunoni ina mifuko mitatu ya kuwekea simu na chakula, na rangi zake hupikwa kwa joto kali hadi zikaingia ndani ya nyuzi zenyewe, ndiyo maana hazibanduki hata zikifuliwa mara nyingi. Kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam, na mchapaji hapokei oda ndogo wala haanzi kazi kabla ya kulipwa. Kila jezi inatugharimu shilingi 38,000 pamoja na usafirishaji, nasi tunaiuza 50,000. Tulitoa akiba ya klabu, tukalipa, mzigo ukaja na basi, na siku ulipofunguliwa kila mtu alifurahi.

Siku hiyo hiyo wanachama walianza kuzichukua kwa mkopo. Huyu anasema atalipa mwisho wa mwezi, yule anasubiri kuuza viazi, mwingine ana mgeni wake kutoka Ulaya atakayenunua mbili, basi apewe kabisa akamwoneshe. Sina shaka kwamba wengi wao walisema kweli walipokuwa wakisema. Hata hivyo, miezi imepita na zaidi ya nusu ya jezi zilizotoka hazijalipwa, ilhali zinavaliwa kila Jumapili mbele ya macho yangu. Katika kabati zimebaki saizi kubwa mno ambazo hakuna anayeziulizia. Nimejaribu kuwaonesha wenzangu hesabu ilivyo: kwa kuwa faida ni shilingi 12,000, jezi moja isiyolipwa inameza faida ya jezi tatu na zaidi zilizolipwa. Kwa mwendo huu, klabu ndiyo inayowafadhili wanachama wake mavazi, na kofia za vijana hazijanunuliwa hata moja.

Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana na aliyetufundisha wengi wetu kuteremka mlima bila kuumia, anaona kwamba kumdai mwenzako jezi ni kumdhalilisha, na kwamba watu wa mji mmoja hukopeshana, ndivyo walivyoishi. Anapendekeza tuagize mzigo wa pili, mkubwa zaidi, ili bei ya kila jezi ishuke, kisha tuwategemee watalii wanaokuja kutembea milimani kuanzia Juni. Ni kweli kwamba watalii hulipa papo hapo, na baadhi ya wanachama wetu ni waongoza watalii wanaokutana nao kila siku. Lakini mtalii huchukua saizi yake au haichukui kabisa, wala hatujui watakuja wangapi. Mimi siko tayari kuiweka akiba yote ya klabu juu ya matumaini hayo.

Pendekezo langu ni kwamba tusichape tena kabla ya oda kukusanywa: kila anayetaka jezi ataje saizi yake, alipe arubuni ya nusu ya bei, amalizie siku ya kuichukua, na oda itumwe Dar es Salaam pale tu idadi inayotakiwa na mchapaji itakapotimia. Najua pendekezo hili lina upande mgumu. Vijana wale wale tunaowatafutia kofia hawawezi kutoa shilingi 25,000 kwa mkupuo, na sipendi nembo ya klabu iwe vazi la wenye uwezo peke yao. Isitoshe, malipo yote hadi sasa yanaingia kwenye simu yangu, yakichanganyika na fedha zangu za nyumbani, na ingawa ninaandika kila senti daftarini, sitaki ifike siku mtu aulize swali ambalo daftari peke yake halitaweza kulijibu.

Ninaomba, Ndugu Mshauri, na wasomaji waliowahi kuendesha mradi kama huu, iwe ni wa timu ya mpira, kwaya au kikundi cha kina mama, mnisaidie katika haya. Nitumie lugha gani kumweleza mwenyekiti kwamba mkopo usitishwe, bila kumvunjia heshima mbele ya wanachama? Je, madeni yaliyopo tuyadai yote kwa pamoja, au tuwaruhusu wadaiwa walipe kidogo kidogo huku majina yao yakisomwa katika kikao? Kwa vijana, kuna aliyejaribu kuwapa fulana ya bei nafuu badala ya jezi, au kuwaruhusu walipe kwa kazi, kama kukarabati njia zinazoharibiwa na mvua? Na je, klabu ndogo kama yetu ianze kwa kufungua akaunti yenye watia saini watatu, au namba ya malipo ya simu kwa jina la klabu inatosha kwa sasa? Kikao chetu ni mwishoni mwa mwezi huu, na mchapaji ameshauliza kama tunaagiza tena.

Wako katika ujenzi wa michezo,
Mweka Hazina, Lushoto