Waliobeba mawe Gando mmewaacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Ni miaka kumi na minane nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu kuhusu msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso imejaa tuzo: Aga Khan ya 2004, kisha Pritzker ya 2022, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Anastahili, tena sana. Ila shule ya Gando, kijijini kwao, iliyokamilika 2001, iliyomfikisha huko, mmeimaliza kwa sentensi moja na picha ya bati.

Watoto wa kijiji walisomba mawe ya msingi. Kina mama walibeba maji. Sakafu za Gando zinapondwa kwa mikono saa na saa, kisha zinasuguliwa kwa jiwe mpaka zinateleza. Vijana wakafundishwa kufyatua matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo, wakakata nondo na kuzichomelea. Kéré mwenyewe aliwahi kuwa seremala, na shule hiyo aliijenga akiwa bado mwanafunzi Berlin.

Mimi ni mwashi. Tulipojenga madarasa mawili huku kwetu, msanifu wetu nilimwona saiti mara moja tu. Nikamwambia bati liko chini mno na dari hamna. Nikamwomba tuongeze kozi tatu za matofali, yaani mistari mitatu, na kuacha matundu ya hewa juu ya lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Hata hakutazama nilipokuwa namwonyesha. "Fundi, jenga kilichochorwa." Nikajenga. Baadaye niliitwa mara mbili kuziba nyufa. Mara ya kwanza, saa saba mchana, nilimkuta mtoto wa darasa la pili amelaza shavu sakafuni, maana ndipo palipokuwa na ubaridi, na daftari limemganda mkononi kwa jasho. Mara ya pili ilinyesha. Mwalimu akaweka chaki mezani akakaa, kwa kuwa kelele za bati zilimfanya asisikike hata dawati la mbele. Gando bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali, upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Kenchi zake, zile fremu zinazobeba bati, ni nondo hizihizi tunazofungia zege. Ningezichomelea mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Na vibao vya saiti navyo! Mfadhili yupo, mshauri yupo, mkandarasi yupo. Fundi hata mmoja hayupo, miaka yote hii.

Tangu 2017 Kéré ni profesa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Basi vyuo vyetu viige mfano wa Gando: mwanafunzi wa usanifu majengo asipewe shahada mpaka afyatue matofali mia tano kwa mkono wake, ayaanike, fundi ayakague, na yaliyopasuka ayarudie. Nanyi, Mhariri, iandikeni upya ile makala. Mwandishi aanze na wale kina mama wa maji.

Mwashi, msomaji wenu