Malalamiko kuhusu miche ya maua yenye mizizi iliyojisokota na kipeperushi chenye maelekezo ya kupotosha

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulinunua kwenu miche 24 ya vichaka vya maua: hibiskasi 12, iksora 8 na oleanda 4. Mpaka sasa hibiskasi 5 zimekauka na iksora zote zimegeuka manjano. Tulipopiga simu tuliambiwa hatukumwagilia vya kutosha. Jibu hilo hatulikubali.

Miche iliyokauka tuliing'oa. Udongo wa shimoni ulikuwa na unyevu, lakini bonge la mizizi lilikuwa bado na umbo la kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche), na katikati yake pakavu kabisa. Kwenye mche mmoja, mzizi wa unene wa penseli umelizunguka shina mara mbili na kulibana mpaka gome limebonyea. Hayo hayatokei wiki chache baada ya kupanda. Ni mche uliokaa mno kwenye kiriba kidogo: mizizi hugonga plastiki, hugeuka, huanza kuzunguka, na ikishakomaa hivyo huendelea kuzunguka hata ikipewa ardhi. Isitoshe, mchanganyiko wenye mboji nyingi ukikauka sana hukataa maji, kwa hiyo maji hupita pembeni ya bonge. Hata tungemwagilia mara mbili ya hapo, yasingefika.

Mche wa aina hiyo huokolewa kabla ya kupandwa. Bonge hulowekwa kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, kisha huchanwa kwa kisu kikali toka juu hadi chini, pande 3 au 4, kina cha sentimita 2 hivi. Mizizi ya chini hutanduliwa, na unaolikumbatia shina hukatwa. Kipeperushi chenu kinakataza kugusa mizizi. Kwa bogenvilia, ambayo mizizi yake hukatika upesi, katazo hilo lina maana. Kwa hibiskasi iliyojisokota, ni kuihukumu kufa.

Kipeperushi hicho pia kinaelekeza shimo la sentimita 60, samadi ijazwe chini, na shina lifukiwe. Samadi ikioza hushuka, mche hushuka nayo, na shingo yake (pale shina linapokutana na mizizi) ikibaki chini ya udongo gome huoza. Shimo liwe na kina cha bonge lenyewe tu, upana mara 2 hadi 3, na shingo ibaki usawa wa ardhi au juu kidogo. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yanatosha, yasiguse shina.

Kuhusu iksora, lebo inasema inafaa udongo wowote. Si kweli. Iksora inataka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu) ya 5 hadi 6 hivi, na wa kwetu umepimwa ukaonyesha 7.6, yaani hauna uchachu. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo, ila mizizi haiwezi kuyafyonza. Dalili inajieleza: majani machanga ndiyo yaliyoanza kuwa manjano, mishipa ikabaki kijani. Upungufu wa naitrojeni ungeanzia majani ya zamani.

Lililotuudhi kuliko yote ni oleanda. Kila sehemu ya mmea huo ina sumu inayoshambulia moyo, hata majani yaliyokauka, na matawi yake hayafai kuchomwa kwa sababu ya moshi. Lebo haina onyo lolote, na kipeperushi kinaipendekeza kwa ua wa kuzungushia sehemu ya kuchezea watoto! Hapa hatudai fidia. Tunataka maneno hayo yaondolewe leo, na wote waliokwisha kuinunua wajulishwe.

Kwa yaliyobaki, tunaomba hibiskasi 5 mpya, ambazo tutazitoa kwenye viriba na kuzikagua mizizi kabla ya kuzipokea, pamoja na kurejeshewa fedha za iksora. Mabonge 5 ya mizizi tumeyahifadhi pamoja na lebo zake. Mtaalamu wenu anaweza kuja kuyaona. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu waaminifu,
Watunza bustani