Peterson na Schmirler ni mtu mmoja

Mhariri,

Naandika kuhusu jedwali mlilolichapa kwenye ukurasa wa michezo, la mabingwa wa zamani wa kalingi ya wanawake (curling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu kuyalenga kwenye duara) katika jimbo la Saskatchewan, hapa Kanada. Mwandishi wenu kaweka Sandra Peterson mwaka 1993, kaweka Sandra Schmirler mwaka 1997, kisha kaeleza kwamba Schmirler ndiye aliyekuja kuchukua nafasi ya Peterson. Basi alijirithi mwenyewe! Ni mwanamke yule yule wa Regina, alibadili jina tu.

Simlaumu sana. Kwetu Tanga, Mwanaisha binti Salimu huolewa, huachika, huolewa tena, na kaburini huingia akiwa Mwanaisha binti Salimu. Huku Kanada jina mara nyingi hufuata ndoa, na anayekusanya orodha za wanamichezo wanawake bila kulijua hilo atahesabu watu wawili pale alipo mmoja.

Mwaka 1994 nao una mtego wake. Timu ya Schmirler ilitwaa ubingwa wa Kanada na wa dunia mwaka 1993, na bingwa mtetezi haanzii tena jimboni. Mwaka uliofuata waliingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa kama Timu ya Kanada, wakashinda tena, na dunia wakaichukua tena. Ukisoma jedwali la jimbo peke yake utadhani mwaka ule walichemsha.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ile safu yenye jina la nahodha peke yake. Kalingi hii huchezwa na timu ya watu wanne. Jumanne usiku huwa nakaa nyuma ya kioo cha klabu ya mtaani kwetu, chai mkononi, nje baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Anayeanza huachia mawe yake mawili mwanzoni mwa raundi, halafu anashika ufagio na kufagia mbele ya mawe sita ya wenzake. Kwenye mechi ya raundi 10 hayo ni mawe 60, kila moja la itale, karibu kilo 20. Ufagio ukisugua, barafu inapata joto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na halipindi upesi. Wiki iliyopita nilimwona binti mmoja ameulalia ufagio kwa uzito wake wote, anahema, uso umemwiva, analisindikiza jiwe la nahodha wake mpaka likatulia katikati kabisa ya duara. Watu waliokaa nami wakampigia makofi nahodha.

Jedwali lenu limefanya vivyo hivyo, na limemla mtu mzima. Joyce McKee aliongoza timu ya Saskatchewan iliyotwaa ubingwa wa Kanada mwaka 1961, akaongoza nyingine mwaka 1969. Kwa hesabu ya manahodha hadithi yake inaishia hapo. Kumbe mwaka 1971, 1972 na 1973, miaka mitatu ambayo jina linaloonekana ni la Vera Pezer, McKee yumo kwenye timu, mchezaji wa pili, anafagia. Na huyo Pezer mwaka 1969 alikuwa chini ya McKee! Walipokezana uongozi wakaendelea kushinda pamoja. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko idadi ya vikombe, na kwenye jedwali la safu moja halipo.

Nawaomba mlichape upya. Najua nafasi ya gazeti ni finyu, lakini tangazo la mitumba pembeni yake lilikuwa kubwa kuliko jedwali lenyewe. Nawaanzishia mistari miwili. Mwaka 1980, mabingwa wa jimbo ambao mwaka huo huo wakawa timu ya kwanza ya wanawake wa Kanada kutwaa ubingwa wa dunia: Marj Mitchell, Nancy Kerr, Shirley McKendry, Wendy Leach. Mwaka 1997, wale waliokwenda Nagano, Japani, mwaka uliofuata na Februari 1998 wakaifunga Denmark 7-5 kwenye fainali ya Olimpiki: Sandra Schmirler, Jan Betker, Joan McCusker, Marcia Gudereit.

Huyo Joan McCusker naye, mkikuta Joan Inglis kwenye orodha za zamani, msiongeze mtu wa tano.

Msomaji wenu,
Regina, Saskatchewan