Warsha za waandishi zisiishie kwenye vyeti na picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo ambalo wengi wetu tunaoandika huku mikoani tunalinong'ona tu tukishatoka ukumbini. Warsha za uandishi siku hizi hazikosekani, na ikikaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mialiko humiminika. Tatizo ni kwamba tunaitwa wote pamoja na kufundishwa kitu kilekile: mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye daftari la mashairi ya mapenzi, mama anayehangaika na mswada wa riwaya mwaka wa ngapi sijui, na mzee malenga aliyeghani kwenye maharusi tangu enzi za Mwalimu. Mwezeshaji anawasha kompyuta yake na kuanza: "Vina na mizani ni nini?" Mzee anatazama dari.

Hapo ni baada ya mgeni rasmi kuwasili, naye hawasili mapema. Ya hotuba na picha ya pamoja niyaache, yanajulikana. Kazi za washiriki zinasomwa dakika za mwisho, pilau limeshaanza kunukia na nusu ya watu wamesimama.

Nilichokiona kikifaa hakikuwa na bango. Hapa Tanga tuna kikundi kidogo cha Jumamosi jioni, kila mtu na karatasi zake. Kijana mmoja alisoma hadithi ambamo mchuuzi wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga anamwambia mteja, "Karibu ununue samaki wangu, wana virutubisho vingi kwa afya ya familia yako." Mama mmoja, ambaye mwenyewe hukaanga samaki wa kuuza, akaangua kicheko. "Mwanangu, huyo mtangazaji wa redio! Wa Deep Sea angekwambia, 'Changu hawa mama, hata barafu hawajaiona!'" Kijana akacheka naye, akakata sentensi yake na kuandika upya palepale. Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na mazungumzo ya wahusika sikuwahi kuyafundisha vizuri namna ile.

Anayeanza anahitaji mahali kama hapo, tena kila wiki. Chumba cha maktaba ya mkoa kinatosha, au darasa siku ambayo shule imefungwa, mradi awepo mtu wa kushika funguo na mmoja au wawili wenye masikio.

Mwenye mswada ana haja nyingine kabisa. Huyu amechoka kuambiwa "soma sana vitabu". Anamtaka mtu aliyeusoma mswada wake wote, nyumbani, kalamu mkononi, amwambie kwamba sura ya tano inarudia ya pili na kwamba yule shangazi aliyetokea mwanzoni kapotea bila maelezo. Kazi hiyo inachosha, na anayeifanya alipwe. Naamini fedha za fulana na mabango ya warsha moja zingemlipa mhariri asome miswada kadhaa. Waandaaji wanaoona nawasingizia watuonyeshe bajeti zao.

Kuna na wale waliokwisha kuchapisha, ambao hudhaniwa wamefika. Wengi wao wanatembeza vitabu vyao mikononi, shule hadi shule, na hawajui mrabaha, yaani sehemu ya mwandishi katika mauzo ya kitabu, unahesabiwaje. Hao waitiwe watu wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mwanasheria, waisome mikataba kifungu kwa kifungu. Mtunzi aliyetia saini asichokielewa hana haja ya somo la tamathali za semi.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vijana wameona kwamba utunzi una heshima yake. Kabla ya hapo ilikuwepo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell. Ila tuzo humpokea mtu akiwa tayari na mswada. Nimeona vijana wakikimbizana na tarehe ya mwisho, riwaya inafungwa kwa ajali ya basi ili tu wahusika waishe, kwa sababu mwaka mzima hakukuwa na mtu wa kuwasomea.

Nimalizie kwako, Mhariri. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka mwaka 1923, malenga wengi wamekomazwa na kurasa za magazeti: mmoja anatoa swali kwa shairi, wa mkoa mwingine anamjibu, na wa tatu anawasahihisha wote wawili. Naomba ututengee walau nusu ukurasa kwa wiki, uwe na mshairi mzoefu wa kuusimamia, na yule ambaye shairi lake limekataliwa aandikiwe mistari miwili kwamba ubeti wa tatu umepungukiwa mizani au kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, hakijakaza. Kikundi chetu cha Jumamosi kipo tayari kuleta mashairi ya kuanzia, na tusipendelewe: yasiyofaa yatupwe.

Mwalimu mstaafu,
Tanga