Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe chetu, mliowarekodi wale Waethiopia

Wajukuu zangu,

Video yenu imenifikia. Imeletwa na mjukuu wangu aliyeko chuoni Dodoma, na chini yake ameandika swali moja: Babu, hapa si pale kwetu? Ni hapa hapa kwetu. Barabara nimeitambua, mwembe wa kijiweni nimeutambua, na sauti za wanaocheka nazijua moja moja, huyu wa nani na yule wa nani.

Kwa wasiojua habari yenyewe: lori lilisimamishwa alfajiri, likafunuliwa turubai, na nyuma ya magunia wakakutwa vijana wa Kiethiopia wamebanana. Wakaketishwa chini kando ya lami kusubiri gari la kuwachukua. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Aliyeingia nchini bila kibali amevunja sheria, na kazi ya kumkamata ina wenyewe. Ugomvi wangu unaanzia pale mlipotokea ninyi na simu zenu.

Nimeitazama mpaka mwisho. Yupo mtoto mmoja, kwa umri ni wa kidato cha pili, midomo imempasuka. Mmoja wenu amemshikia chupa ya maji mbele ya uso: "Sema shikamoo kwanza." Mtoto hajui Kiswahili, anakodoa macho. Mnamfundisha, huku mnacheka. Anasema, "Shkamo." Mnasema hapana, iseme vizuri. Anarudia. Akishamaliza anamiminiwa maji ya kujaa kifuniko, kifuniko cha chupa, na kicheko kinapanda. Shikamoo, ambayo mimi nikipita hapo kijiweni wengine mnaimeza, mmeigeuza bei ya maji.

Sasa nisikilizeni, maana mnamcheka mtu msiyemjua katoka wapi.

Wengi wanaopita njia hii wanatoka kusini mwa Ethiopia, pande za Hadiya na Kembata. Huko shamba la ukoo limegawanywa na kugawanywa tena mpaka halina pa kukata. Kijana anasikia habari za jamaa aliyefungua kiduka huko Afrika Kusini, baba anauza ng'ombe, anakopa juu yake, na safari inaanza. Moyale mpakani, Kenya yote mpaka chini, njia za panya za Kilimanjaro au Tanga, halafu Morogoro, Iringa, Mbeya. Wanapokezanwa, huyu anamkabidhi yule, na wapokezanaji wenyewe wakizungumza kwenye simu wanawaita mzigo. Pesa ikichelewa popote pale, mzigo unafungiwa ndani na kupigwa, simu iko hewani, mama yake kule kijijini asikie mwenyewe. Akifika hapa kwetu ameshakuwa na deni ambalo hata akirudishwa kesho litamsubiri mlangoni.

Mimi nimeendesha semi barabara hii kabla baadhi yenu hamjazaliwa, kwa hiyo la malori msinifundishe. Turubai likikazwa juu ya mzigo, chini yake mchana ni moto. Kontena ni baya zaidi. Milango ikishafungwa kwa nje hakuna pa kuvutia pumzi, na aliye ndani hana namna ya kumfikia dereva isipokuwa kugonga bati, nalo dereva kwenye mngurumo wa injini halisikii, au analisikia na hataki kusimama. Juni 2012, pale Chitego wilayani Kongwa, miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini. Walikosa hewa ndani ya lori, na lori likawashusha walio hai na waliokufa pamoja likaondoka zake. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Waliokuwa wanapumua bado ni 14. Desemba 2022, pembeni mwa Lusaka, miili 27 kando ya barabara. Wale waliokufa Kongwa walipita barabara hizi hizi. Pengine walipita mbele ya mwembe wenu usiku mmewasha muziki.

Hapo ndipo ninapofika kwa wale ninaowakusudia hasa. Vijana wa bodaboda.

Mnadhani hatujui? Saa nane usiku pikipiki tatu, nne, zimezimwa taa, zinashuka kwa njia ya mtoni, kila moja imepakia watu wawili ambao si wa hapa. Asubuhi mtu aliyekuwa analia hana hela ya betri ananunua simu mpya. Mke anajua, mama anajua, balozi wa nyumba kumi anajua na amenyamaza kwa sababu zake. Halafu jua likichomoza, kijana yule yule ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba hawa watu wamejaa kwetu, watatuletea maradhi, serikali iko wapi. Usiku unakula kwao, mchana unawatukana! Na wapo, msinilazimishe kutaja majina, waliokula pande zote mbili: wamechukua nauli ya kuwavusha, wamewaacha kichakani, kisha wakapiga simu wakamatwe. Mzee mmoja aliniambia huo ni ujanja wa mjini. Nikamwambia mimi mjini nimekaa, na ujanja wa namna hiyo hata mjini una jina baya.

Mkitaka tuseme kwa lugha ya faida, basi tuseme. Mahakama za nchi hii zimeshatoa vifungo vya miaka 20 kwa kusafirisha wahamiaji, na chombo kilichobeba kinaweza kutaifishwa. Pikipiki yenyewe wengi wenu ni ya mkataba, bado hamjamaliza hata marejesho. Yule anayewapigia simu usiku hajawahi kukaa kwenye tandiko la pikipiki. Hamjui sura yake. Siku mkikamatwa, laini yake haitapatikana, na anayekuja kuomba mchango wa dhamana mlangoni kwangu ni mama yenu. Amekwisha kuja mmoja. Nilitoa nilichokuwa nacho, na ndiyo maana nina haki ya kusema.

Na hili si lenu peke yenu, maana mmejifunza kwa wakubwa. Januari 2021, Rais wa Ethiopia Sahle-Work Zewde alipokuja Chato kuonana na Rais Magufuli, ilikubaliwa waachiwe wafungwa wa Kiethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu kwa kuingia nchini isivyo halali. Elfu moja mia saba na themanini na tisa, wanakula ugali wa serikali, na wengine vifungo vilikuwa vimekwisha wanasubiri nauli tu. Niambieni basi, matajiri wa biashara hiyo walikuwa wangapi humo ndani? Tunamfunga aliyebebwa, tunamfunga na dereva akipatikana, mwenye biashara anaoga na kwenda ibadani. Mtoto akikua anaona hivyo, atajuaje kwamba anayetakiwa kuona haya si yule aliyekaa chini na midomo iliyopasuka?

Hatukuwa hivi. Aprili 1994 Wanyarwanda karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, na watu wa Ngara, ambao nao hawakuwa na kitu, waliwapisha. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyopokea wakimbizi. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000, waliokimbia tangu 1972 na watoto wao waliozaliwa hapa, walipewa uraia. Najua mtanijibu: Babu, wale walikuwa wakimbizi, hawa wanatafuta maisha. Sawa. Serikali iwatofautishe, ndiyo kazi yake, na imrudishe anayestahili kurudishwa. Lakini kiu haina daraja. Tena nchi hii hii, mwaka 2013, wakati wa kuwaondoa wahamiaji Kagera, kuna watu walionyooshewa kidole na majirani waliozikana nao miaka na miaka. Kwa hiyo sisemi tulikuwa malaika. Nasema tunajua njia zote mbili, na mnachagua ile mbaya kwa ajili ya kuchekesha watu kwenye simu.

Mmoja wenu, yule mwenye fulana nyekundu, ana kaka Durban. Hakupanda ndege kwenda huko. Alizamia, kama walivyozamia wenzake wengi walioko Durban na Cape Town, na hana makaratasi mpaka leo. Kila zinapozuka vurugu za kuwafukuza wageni, mama yake halali, na sisi jirani tunakwenda kukaa naye. Mei 2008 waliuawa watu zaidi ya 60 kule, na kati yao walikuwemo Waafrika Kusini wenyewe, waliodhaniwa ni wageni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, mjukuu wangu. Wewe umetia kwa kifuniko.

Mengine nayasema kwa kifupi, kwa sababu hayahitaji maelezo. Mtu aliyekamatwa asirekodiwe, na mtoto zaidi. Maji yatolewe bila masharti. Akina mama wanaouza uji pale mzani wakitaka kumpa mtu kikombe, wasizomewe. Ulizeni askari aliyepo, kisha wapeni nafasi. Mkisikia bati linagongwa ndani ya lori lililosimama, msilipite, piteni kwa dereva, piteni kwa polisi, fanyeni fujo mpaka lifunguliwe, na hapo fujo nawaruhusu. Anayepigiwa simu usiku akatae, na namba aipeleke inakohusika. Akiogopa kwenda peke yake aje kwangu twende wote.

Limebaki la koti.

Kwenye video, kabla gari halijafika, mtu anamvua yule mtoto koti la kijivu, anasema hili litanitosha. Siku hiyo jioni limeonekana limevaliwa hapo kijiweni. Hawa watoto hushonea namba za simu za nyumbani ndani ya pindo, kwa sababu simu hunyang'anywa njiani na karatasi hulowana. Nimewaona wengi wanavyofanya hivyo. Uliye na koti hilo, lifungue pindo la chini, upande wa kushoto na wa kulia, utazame. Usilifue kwanza. Lilete kwangu leo kabla ya swala ya isha, au mpe mkeo alilete ukiona haya, sitauliza. Kesho asubuhi wanapelekwa mahakamani, na nimeshaongea na askari wa zamu, amekubali nimkabidhi mtoto koti lake mkononi.

Babu yenu,
dereva mstaafu, nyumba ya tatu kutoka mzani