Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umri wa Wanaoingia Nyumbani Kwetu

Ndugu wanachama, asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na poleni kwa foleni.

Ya fedha nayapita haraka, mweka hazina atayasoma mwenyewe. Ada zinasuasua, wanaotuletea mchele na maharage hawajatutupa, kodi ya nyumba haidaiwi. Paa la jikoni bado linavuja.

Mwaka huu nataka tukae kwenye daftari la mapokezi la nyumba yetu hii ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya na pombe, hasa safu ya umri.

Wa unga, yaani heroini, wanakuja watu wazima, wengi wamevuka thelathini. Hawakuanza jana. Waliokuwa vijana hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ndio waliokutana na unga mweupe, ule unaoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano ikafuata. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012. Yaani kizazi kile kilikaa maskani miaka kumi hivi ndipo dawa ikapatikana. Mtu akibisha hodi kwetu na miaka arobaini na mitano, msimwite mzembe. Anakuja pia na VVU, homa ya ini, kifua kikuu, na watoto waliolelewa na bibi yao hadi hawajui wamwite nani. Mwenzetu wa namna hii hahitaji mawaidha ya "fikiria maisha yako ya mbele". Anahitaji kufika CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, kunywa methadoni kila siku mbele ya muuguzi, na mtu wa kumpa kazi inayomruhusu kuchelewa kidogo asubuhi.

Wanywaji mara nyingi ndio wakubwa kuliko wote. Pombe ni halali, harusini ipo, na mtu anaweza kunywa miaka ishirini huku anaenda kazini. Analetwa na mkewe, au na barua ya mwajiri, au na ini. Hapa naomba wanafamilia wanisikie vizuri: mzee aliyekunywa kila siku miaka na miaka msimfungie chumbani aache kwa ghafla. Arosto ya unga, yaani maumivu ya kuukosa, inatesa sana, lakini pombe ikikatwa ghafla inaweza kuua: mwili unatetemeka, degedege linampiga, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Aanzie hospitali, ndipo aje kwetu.

Chini ya miaka ishirini hakuna anayekuja kwa miguu yake. Mama yuko mbele na begi, kijana yuko nyuma na simu. Ni bangi, skanka (bangi kali zaidi), na pombe kali. Viroba, pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, na nasema ilikuwa heri, maana vilikuwa vinaingia hadi mfuko wa sare ya shule. Ila anayeitaka pombe bado anaipata. Mama mmoja alisimama pale bwenini, akatazama kitanda cha mwanawe na cha jirani yake, mtu mzima mwenye makovu ya sindano mikono yote miwili, akaniuliza: "Baba, mwanangu kaja na bangi. Mtanirudishia na nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Bweni ni moja, kikao cha asubuhi ni kimoja. Mkubwa akitoa ushuhuda wa kulala stendi na kuiba nyaya, kijana wa kidato cha tatu anajipima naye, anajiona mzima kabisa: mimi si teja, mimi navuta tu. Na jioni anajifunza majina ya vijiwe asivyowahi kuvisikia.

Wanawake ni wachache mno daftarini, na hao wachache huja baada ya kufukuzwa kwao. Hatuna chumba chao, sasa waje walale wapi?

Kamati inaomba mambo haya yapigiwe kura leo. Daftari liongezwe safu ya umri ambao mtu alianza kutumia, tuone muda uliopita kati ya kuanza na kuja. Bweni ligawanywe kwa ukuta, na vijana wawe na kikao chao ambacho wazazi watahudhuria Jumamosi, wazazi wenyewe, si kumtuma shangazi. Chumba cha wanawake kitafutwe nje ya uzio huu, hata kama ni cha kupanga. Na kila anayetoka, wa umri wowote, aambiwe waziwazi mbele ya ndugu zake kwamba mwili umeshasahau dozi ya zamani. Akirudia unga kwa kipimo kile kile, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Makadirio ya fundi yako kwa katibu. Yapitieni kabla ya chakula, kura tutapiga tukishakula.

Mwenyekiti