Wanafunzi waone viumbe wakiwa hai kabla ya kuwatia rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalokutana nalo kila muhula nikiwa mwalimu wa Biolojia wa sekondari. Wanafunzi wengi humaliza shule wakiamini kwamba seli haionekani kwa hadubini mpaka itiwe rangi. Iodini, rangi tuitumiayo maabara, ina kazi yake, sikatai, lakini huua kile kinachotazamwa, na mwanafunzi huondoka maabara bila kuona uhai wenyewe.

Seli hai ni ngumu kuona kwa sababu hupitisha karibu mwanga wote. Huuchelewesha kidogo tu, na jicho halitambui kuchelewa huko. Mholanzi Frits Zernike ndiye aliyebuni njia ya kugeuza kuchelewa huko kuwa tofauti ya mwanga na giza, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Kwa mbinu nyingine ya jamii hiyo, iliyobuniwa na Georges Nomarski, mwanabiolojia John Sulston na wenzake walimfuatilia mnyoo hai wa milimita moja, seli baada ya seli, tangu yai hadi seli 959 za mwili wa mnyoo mzima, bila tone la rangi.

Hadubini za namna hiyo ni ghali, wala sidai kila shule inunue. Hata iliyomo kabatini inafaa, mradi tupunguze tundu la mwanga lililo chini ya jukwaa lake. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwa tone la maji ya dimbwi, nikatia nyuzi chache za pamba ili paramesia, viumbe wa seli moja waishio majini, wasikimbie. Mmoja alinasa, vinyweleo vikipepea kando yake, na kile kifuko kinachotoa maji ya ziada kikawa kinajaa na kunywea, kinajaa na kunywea. Binti aliyekuwa kwenye lenzi alianza kuhesabu kwa sauti, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kimeenea, tuna sababu ya ziada. Mtaalamu wa maabara hulitambua yai la mnyoo wa kichocho katika mkojo kwa mwiba wake wa nchani, bila rangi yoyote, na likiwa bado hai, lava, yaani mtoto wa mnyoo huyo, huonekana akitikisika ndani yake.

Nawaomba wanaoandaa mazoezi ya vitendo waweke zoezi moja la kiumbe hai asiyetiwa rangi, nalo litangulie lile la utando wa kitunguu na iodini.

Mwalimu wa Biolojia,
Mwanza